Mshumaa, Ndege na Muhogo: Uhakiki wa Vitabu Vitatu vya Sayansi kwa Watu Wote

1. Utangulizi

Uhakiki wa maandishi katika idara zetu za Kiswahili umejishughulisha kwa muda mrefu na tanzu tatu: ushairi, riwaya na tamthilia. Maandishi yanayomweleza mtu wa kawaida mambo ya sayansi, yaani kwa nini moto huwaka, kwa nini ubongo husahau, kwa nini dawa ya mbu humwua mbu, hayahesabiwi kuwa fasihi. Yameachiwa walimu wa kemia na waganga wa hospitali, kana kwamba lugha ndani yake ni gunia tu la kubebea mzigo. Insha hii inapinga mtazamo huo. Tunakusudia kuonyesha kwamba utanzu huu una mbinu zake, uzuri wake na kasoro zake, na kwamba kasoro ya mtindo, ambayo katika riwaya humchosha msomaji tu, katika utanzu huu yaweza kumlemaza.

Tutavitazama vitabu vitatu vilivyosomwa sana duniani: mihadhara ya Michael Faraday juu ya mshumaa, iliyochapwa mwaka 1861, kitabu cha Rachel Carson, Silent Spring, cha mwaka 1962, na kitabu cha Hans Rosling, Factfulness, alichokiandika pamoja na Ola Rosling na Anna Rosling Rönnlund, kilichotoka mwaka 2018. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa kwa Kiswahili. Tunavisoma kwa jicho la mtu anayetaka kuandika kwa Kiswahili, na tutavipima kwa jambo moja la nchi yetu: ugonjwa wa konzo.

Swali letu ni hili: baada ya kufunga kitabu, je, msomaji amebaki na amri, au amebaki na sababu? Aliyepewa amri hutii mpaka hali inapobadilika. Aliyepewa sababu aweza kujiongoza hata hali ikibadilika.

2. Jambo la kupimia

Konzo ni neno la Kiyaka. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938, akieleza habari za Kwango. Baadaye ulionekana mahali pengine pia: Nampula huko Msumbiji mwaka 1981, Tarime huko Tanzania mwaka 1985 baada ya ukame, na karibu nasi zaidi, Kivu ya Kusini, ambako watafiti waliandika mwaka 2011 juu ya kutokea kwake katika eneo lililoumizwa na vita. Huwapata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Mtu aliyekuwa akitembea vizuri huona miguu yake yote miwili imekakamaa, ndani ya saa chache au siku chache. Ugonjwa hauendelei kuzidi, lakini hauponi. Aliyepatwa hubaki nao maisha yake yote.

Asili yake ni muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha, ukiliwa wiki nyingi mfululizo na mtu asiyepata nyama, samaki wala maharagwe ya kutosha. Muhogo una kitu kiitwacho linamarini. Katika mmea ulio mzima, linamarini hukaa mbali na kimeng'enya chake, linamarasi. Muhogo ukipondwa au ukilainika majini, viwili hivyo hukutana, na mwisho wa kukutana kwao ni sianidi ya hidrojeni, sumu ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo jua letu la kawaida latosha kuifukuza. Kiasi kidogo kinachoingia mwilini hugeuzwa kuwa tiosianati na kutoka kwa mkojo. Lakini kazi hiyo huhitaji salfa, na salfa hutoka katika protini. Mwili usio na protini hauna cha kuigeuzia sumu. Zinazoumia ni njia zinazoteremsha amri ya mwendo kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo, ingawa namna hasa sumu inavyoziharibu bado inachunguzwa.

Basi tuna chanzo kilichomo chunguni, jeraha lililomo ubongoni, na dalili iliyomo miguuni. Mwandishi anayetaka kumweleza msomaji wa kawaida habari hii hana budi kuviunganisha vitu vitatu ambavyo macho hayavioni pamoja. Hapa ndipo sanaa inapohitajika.

3. Faraday: kuanzia kitu kilichomo mkononi

Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu kabla hajawa mwanasayansi. Katika msimu wa Krismasi wa 1860 hadi 1861 alitoa mihadhara sita mbele ya vijana katika Royal Institution ya London, na William Crookes akaihariri na kuichapa. Somo lake lilikuwa kitu kimoja tu, mshumaa, na kutoka katika mshumaa huo alilitoa karibu somo zima la kemia ya wakati wake.

Ubora wa mihadhara hii uko katika mpangilio wake. Faraday haanzi na istilahi. Anaanza na nta, utambi na mwali, vitu ambavyo kila kijana aliyemsikiliza alikuwa amevishika. Anauliza kwa nini nta iliyoyeyuka inakaa katika kikombe chake bila kumwagika, naye anajibu kwamba hewa inayopanda pembeni huupoza ukingo. Anadai kwamba kinachoungua ni mvuke wa nta. Halafu hamwombi msikilizaji amwamini. Anauzima mshumaa, analeta njiti yenye moto kwenye moshi unaopanda, na mwali unarudi kwa kupitia njia ya moshi. Kila neno jipya huja baada ya kitu chake kuonekana. Katika mhadhara wa mwisho anafika kwenye pumzi ya binadamu, na msikilizaji anatambua kwamba ndani ya kifua chake mna jambo linalofanana na lile la mshumaa.

Kasoro yake ipo. Faraday anazungumza na watu ambao maisha yao hayaitegemei elimu hiyo usiku huohuo. Mshumaa wake ni wa ajabu kuliko ulivyo wa hatari. Msomaji wa Lubumbashi anayelala karibu na mbabula ya makala, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kwa baridi ya mwezi wa sita, anahitaji jambo zaidi: ajue kwamba makala yanayokosa hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Hata hivyo, njia ya Faraday haishindwi na hatari. Kama angeliishi kwetu, angelianza na kinu cha sombe.

4. Carson: nguvu ya hofu na bei yake

Rachel Carson alikuwa mtaalamu wa viumbe vya bahari, na kitabu chake kilihusu dawa za kuulia wadudu, hasa DDT, ambayo nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa na Paul Müller mwaka 1939. Sura ya kwanza ni hekaya. Anauchora mji mmoja wa Marekani ambamo ndege wamenyamaza, kuku wanataga mayai yasiyoanguliwa na watu wanaugua magonjwa yasiyojulikana. Mwishoni mwa sura anakiri kwamba mji huo haupo, ila kila msiba aliousimulia umekwisha kutokea mahali fulani.

Wapinzani wake walimlaumu kwa hekaya hiyo. Sisi tunaiona kuwa mbinu halali, kwa sababu amemwambia msomaji waziwazi kwamba ni hekaya. Tena haimalizi kazi kwa hofu. Baada ya hekaya anamwonyesha msomaji jinsi kaboni inavyoungana na hidrojeni, na jinsi hidrojeni inavyobadilishwa kwa klorini mpaka kitu kipya kizaliwe. Ni wachache waliothubutu kuwapa wasomaji wa kawaida kemia ya namna hiyo.

Lakini kitabu hakimilikiwi na mwandishi wake peke yake. Kilichobaki katika vichwa vya wengi waliokisoma, na zaidi katika vichwa vya wengi wasiokisoma, ni mgawanyo mwepesi: kilichotoka kiwandani ni kibaya, kilichotoka ardhini ni chema. Carson hakuandika hivyo. Aliitaja arseniki ya madini, na aliitaja pareto, ua linalolimwa hata katika milima ya Kivu, kuwa ni dawa za wadudu zilizotangulia zile za viwandani. Hata hivyo hofu ina tabia ya kusahau maelezo na kukumbuka adui tu. Mtu aliyefundishwa kwamba sumu hutoka kiwandani hawezi kuushuku muhogo alioupanda kwa mkono wake.

Tena hofu, ikiletwa kwenye muhogo, ina hasara nyingine. Muhogo ni chakula cha mamilioni ya watu wetu. Muhogo mchungu hupandwa kwa akili: wanyama na wezi hawaupendi, nao hungojea ardhini wakati ambapo mahindi yamekauka au wenye shamba wamekimbia vita. Kumwambia mama wa Kivu kwamba muhogo ni sumu, bila kumwambia lingine, ni kumnyang'anya chakula na kumwacha na njaa. Atakula tu, maana hana jingine la kufanya, naye atalipuuza neno la mwandishi.

5. Rosling: hoja ya mwanamke wa Makanga

Hans Rosling anajulikana duniani kwa kuzipa takwimu sura na sauti. Wengi hawakumbuki kwamba utafiti wake wa mwanzo ulikuwa juu ya muhogo na ulemavu wa miguu, kwanza Nampula, halafu katika Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire. Karibu na mwisho wa Factfulness anasimulia kisa cha mwaka 1989 katika kijiji cha Makanga, Bandundu ya wakati huo. Alikuwa amekwenda kuchunguza konzo na kutaka kupima damu. Watu wakashuku kwamba anataka kuiuza damu yao, na wanaume wakamjia na mapanga. Aliyemwokoa ni mwanamke mmoja wa makamo, miguu mitupu, ambaye mwandishi anakisia kwamba hakujua kusoma.

Kama uhakiki ni kutambua sanaa mahali ilipo, basi sehemu bora ya kitabu hiki ni hotuba ya mwanamke huyo. Haanzi na konzo. Anaanza na surua, ambayo kila aliyesimama pale aliijua kwa makaburi ya watoto. Anawakumbusha kwamba chanjo iliikomesha. Anawauliza chanjo hiyo ilipatikanaje, na anajibu kwamba watu walichunguza, kama mgeni huyu anavyotaka kuchunguza. Halafu anaunyosha mkono wake mwenyewe utolewe damu. Kutoka kinachojulikana hadi kisichojulikana, swali na jibu, na mwisho ushahidi unaoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo njia ya Faraday, na mwanamke huyo hakuihitaji London ili aijue.

Rosling anamsifu kwa haki na bila kiburi. Lakini kitabu hakimwandikii yeye. Kinamwandikia msomaji wa nchi tajiri ambaye anahitaji kusahihishwa mawazo yake juu ya dunia, na konzo inatumika humo kama jukwaa la kuonyesha thamani ya kufikiri. Anayefunga kitabu anajua kwamba sababu ziliokoa maisha ya daktari. Hawezi kumfundisha jirani yake jinsi ya kuutayarisha unga. Mwanamke wa Makanga ametoa hoja, dunia imeipokea, na kijiji chake hakikupata kitabu.

6. Maneno ya Kiswahili na hatari zake

Sasa turudi nyumbani. Mwandishi wa Kiswahili hakosi istilahi kabisa. Tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kamusi hutoa maneno, haitoi sentensi. Shida kubwa haimo katika maneno mageni. Imo katika maneno yetu wenyewe, ambayo yanaonekana kuwa mepesi.

La kwanza ni kupooza. Ni rahisi kuandika kwamba konzo ni ugonjwa wa kupooza. Lakini msomaji wa Kiswahili anaposikia kupooza huona kiungo kilicholegea, na mara moja hukumbuka polio. Konzo ni kinyume chake: miguu inakakamaa. Tena atakayedhani kwamba ni polio atadhani kwamba matone ya chanjo yanamkinga. Wayaka walioita ugonjwa huu miguu iliyofungwa walikuwa wataalamu wa lugha kuliko sisi. Mguu uliofungwa haukulegea, umezuiwa. Tuliache jina lao, na tulieleze kwa kitenzi kukakamaa.

La pili ni mshipa. Neno hili hubeba mishipa ya damu, neva, kano, na hata ugonjwa wa korodani. Tukiandika kwamba muhogo huharibu mishipa, msomaji atafikiri juu ya damu, naye atatafuta dawa ya kuongeza damu. Hapa neno geni neva lina faida, mradi lielezwe mara ya kwanza: njia inayopeleka amri ya ubongo.

La tatu ni kemikali, au kama tusikiavyo mara nyingi katika miji yetu, produi, kutokana na Kifaransa. Matumizi ya kila siku yamelifanya neno hili kuwa jina la ubaya wa dukani na kiwandani. Husemwa kwamba nyanya hizi zimetiwa produi, maana yake si salama. Kwa matumizi hayo, linamarini haiwezi kuwa kemikali, kwa kuwa imetengenezwa na mmea. Mwandishi hana budi kulirudishia neno maana yake: maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na jani la sombe ni kiwanda.

La nne ni akili. Utafiti uliochapwa mwaka 2013, ambao Desire Tshala-Katumbay na wenzake walishiriki, ulionyesha kwamba watoto wenye konzo, na hata watoto wasio na konzo katika eneo hilohilo, walipata matokeo ya chini katika vipimo vya kujifunza na kukumbuka kuliko watoto wa mahali pasipo na ugonjwa huo. Jambo hili ni zito, na ni lazima lisemwe. Lakini mwandishi atakayesema kwamba muhogo huharibu akili amewatukana wote wanaoula. Aseme kwamba sumu hudhuru kazi za ubongo, azitaje kazi hizo, na aongeze kwamba muhogo uliotayarishwa vema ni chakula salama.

La tano ni kuloweka na kulowesha. Kuloweka ni kuitia mihogo majini siku tatu au zaidi mpaka ilainike. Katika Bandundu watafiti waliuhusisha ugonjwa na kufupishwa kwa siku hizo, muhogo ulipokuwa bidhaa ya kuuzwa haraka. Kulowesha ni jambo jingine: unga uliokwisha kusagwa huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kupikwa siku hiyohiyo. Njia hii, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kujaribiwa na wanasayansi wa Kongo katika vijiji vya Bandundu, hupunguza sianidi mara tatu hadi sita. Ni nyongeza juu ya kuloweka, haichukui nafasi yake. Mfasiri anayeandika kuloweka unga mahali pa kulowesha unga amechanganya siku tatu na saa mbili.

7. Jaribio

Mhakiki anayelaumu hana budi kuonyesha alitakalo. Tunatoa aya moja, tukifuata njia ya Faraday na ya mwanamke wa Makanga:

Jani la muhogo lina vitu viwili vinavyokaa katika vyumba mbalimbali. Vikiwa mbalimbali, vimetulia. Mchi unapoliponda jani, kuta za vyumba zinabomoka, vitu hivyo vinakutana, na hewa ya sumu inazaliwa. Ni vema izaliwe ndani ya kinu, maana hapo ina njia ya kutokea. Nayo sufuria ikichemka bila kifuniko, inakwenda na mvuke. Lakini ukilipika jani zima bila kulitwanga, moto unakiua kimoja cha viwili hivyo, na kile cha pili kinabaki salama kikingojea tumbo lako. Ndiyo maana bibi zetu hutwanga kwanza na kuchemsha baadaye. Unga nao ni vivyo hivyo: upe maji na upe jua kabla hujaupa moto.

Msomaji wa aya hii ana sababu. Akihamia mahali ambapo maji ni machache, au akinunua unga asioujua ulivyotayarishwa, ataweza kujiuliza: je, vitu viwili vimekutana? Je, hewa imepata pa kutokea? Tangazo linalosema tu kwamba msile muhogo usiolowekwa halimpi swali hilo. Na anayeamini kwamba moto humaliza kila sumu, imani ambayo wengi wanayo, hawezi kuokolewa na tangazo hilo hata akilikariri.

8. Hitimisho

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yaandikwe kwa Kifaransa, maana istilahi zipo tayari, na kwamba ugonjwa wenyewe umeenea zaidi katika majimbo ya magharibi yasiyosema Kiswahili. Hoja ya pili ni kweli nusu: Kwango na Kwilu wanahitaji kazi hii kwa Kikongo na kwa lugha zao nyingine. Lakini Kivu ya Kusini na Tarime zinasema Kiswahili, na vita na ukame havijakoma kuwafukuza watu kutoka katika mashamba yao. Kuhusu hoja ya kwanza, anayetwanga sombe hafikirii kwa Kifaransa anapotwanga.

Tunapendekeza mambo mawili kwa wanafunzi wa idara zetu. Kwanza, wakusanye maneno ya watayarishaji wa muhogo wenyewe, majina ya aina tamu na chungu, ya hatua za kuloweka, ya dalili zinazoonyesha kwamba muhogo umeiva majini, kabla hawajaunda istilahi mpya. Kazi hiyo ni ya isimu, nayo inafaa tasnifu. Pili, kila maandishi ya sayansi kwa watu wote yasipimwe kwa usahihi wa maneno peke yake. Asomewe mtu mmoja, kisha aombwe amweleze jirani yake kwa nini, kwa maneno yake mwenyewe. Akieleza amri tu, maandishi yarudi kwa mwandishi.